Fundi Anamalizia Kazi

Fundi alikuwa hajafumbua macho tangu juzi, wala hajatia kitu kinywani. Binti yake, mwalimu wa hesabu mwenye sauti ya kunyamazisha darasa zima, alifika asubuhi kwenye makao ya wazee na kikombe cha uji, akasogeza kiti ubavuni mwa kitanda.

"Baba, fungua kinywa. Kidogo tu."

Uji ukamtiririka mzee kidevuni. Muuguzi, mama mnene asiyejua haraka, akakichukua kikombe taratibu.

"Mwalimu, utampalia. Mwili wake haudai tena chakula. Tumlowanishe midomo, inatosha."

"Kwa hiyo tumwache afe njaa?"

"Haoni njaa, dada. Anaondoka. Sisi tunamwondolea maumivu tu, aende kwa raha zake."

Mwalimu akachukua pamba. Akaichovya kwenye maji, akaipitisha midomoni mwa baba yake.

Kitanda cha pili kilikuwa cha Mzee Redio, aliyebandikwa jina hilo na wenzake kwa sababu hazimwi. "Nilimwambia mimi," akadakia, "nilimwambia, Fundi, usinitangulie, nani atanisikiliza? Hajanijibu. Kiburi tu!"

Mwalimu akataka kucheka, asiweze.

Jua lilipofika dirishani, mikono ya Fundi ikainuka juu ya blanketi. Vidole vikaanza kuchezacheza hewani. Mwalimu akashtuka, akaishika. "Baba, tulia. Sista! Sista, anaumwa!"

Muuguzi akaja, akamtazama mzee usoni, akasikiliza pumzi zake. "Haumwi. Uso umekunjuka, unaona? Wengine huwa hivi wakikaribia. Mwachie mikono."

Mwalimu akamwachia. Fundi akapeleka vidole viwili mdomoni, akavilowesha, akavisokota. Akainua mkono wa kushoto usawa wa jicho, jicho lenyewe limefumba, akapitisha uzi usiokuwepo kwenye sindano isiyokuwepo. Akaukosa. Akalowesha tena. Safari hii ukapita.

"Mungu wangu," mwalimu akanong'ona. "Anashona."

Mwalimu alikulia chini ya meza ya baba yake ya kukatia nguo, kati ya vipande vya vitambaa, na mikono ile aliijua kuliko uso. Hiyo ni kola, anaigeuza. Hilo ni bega. Sasa mkono wa nguo, na hapo kwapani anarudia mara mbili, kama kawaida yake, pasifumuke. Mzee hakuruka hatua hata moja. Mzee Redio alikuwa ameketi kitako kitandani, kinywa wazi, kimya kabisa.

Ghafla kazi ikasimama. Mkono ukapapasa hewani, unatafuta kitu. Mwalimu akainama bila kufikiri. Kiganja kikatua begani kwake, kikatambaa shibiri kwa shibiri hadi bega la pili.

"Umenenepa," Fundi akasema.

Sauti ilikuwa nyembamba, lakini ni yake. Mwalimu akaangua kicheko na machozi yakamtoka kwa pamoja. "Nimenenepa, Baba. Ongeza kitambaa."

Akaongeza. Alishona pindo lote, polepole, muuguzi amesimama mlangoni, mikono kifuani. Kisha akafunga fundo, akaukata uzi kwa fizi, akakung'uta ile nguo mara moja, akaielekeza kwenye mwanga kuikagua. Akaikunja. Akamnyooshea binti yake.

Mwalimu akakinga mikono yote miwili, akapokea. Angeapa kuwa mikono yake ilishuka kidogo, kama inavyoshuka mtu anapopewa mzigo. Akaiweka ile nguo mapajani, akaipapasa.

"Asante, Baba. Imenikaa."

Fundi akalaza mikono kifuani. Pumzi zikawa za mbali mbali, moja, kisha kitambo, kisha nyingine. Ile waliyoingoja haikuja. Hakuna aliyepiga kelele. Mwalimu alihisi kifua kimejaa, na haikuwa hofu. Ni kama mtu aliyesimama mbele ya mlima kwa mara ya kwanza.

Jioni walimtoa kwa mlango wa mbele, ule ule alioingilia siku alipoletwa. Wazee walikuwa wamejipanga ukumbini, wengine kwenye viti vya magurudumu, wengine wameegemea fimbo, na mpishi amevua kofia. Machela ilipopita, kila mmoja aliigusa kidogo kwa mkono. Mwalimu alitembea kando yake, polepole, hadi nje kwenye mwanga.