Mkono wa Mzee Vettenius

Trypho alikuwa fundi hodari wa kuchonga mihuri ya chuma ya kugongea dinari, lakini asubuhi ile alipoiokota ya kwanza, ingali na joto, aliliona kosa lake papo hapo. Mzee Vettenius, aliyechorwa juu yake, alikuwa na mkono usio wake.

Roma nzima ilikijua kisa cha mkono wa mzee huyo, maana mjukuu wake Numerius, kijana aliyepewa zamu ya kusimamia karakana ya fedha mwaka huo, hakuchoka kukisimulia: babu yake alikatwa mkono wa kulia vitani, akaendelea kupigana kwa wa kushoto. Ndiyo picha aliyoiagiza. Trypho naye, kwa kujiamini kupita kiasi, aliichonga vilevile, akasahau kwamba kwenye muhuri kila kitu huchongwa kinyume ili kwenye fedha kitoke sawa. Sasa mzee alikuwa ameinua mkuki kwa mkono wa kulia, na kigutu kilikuwa cha kushoto.

"Umemwotesha mkono!" alisema Dama, mpiga nyundo, akicheka hadi akaegemea ukuta. "Wewe si fundi tena, ni mganga."

"Nyamaza, Dama. Nimeshaharibu muhuri mmoja kabla ya huu. Niliambiwa nikirudia nifungashe virago."

Mara Numerius akaingia pamoja na shangazi yake Vettenia, binti wa yule mzee, ajuza mwenye bakora na ulimi mkali. Kijana aliitazama dinari, uso ukamwiva.

"Huyu nani? Babu alipigana kwa kushoto! Toka kwenye karakana yangu!"

Trypho alianza kukusanya patasi zake. Haya zilimzidi hata hofu.

"Hebu lete." Vettenia aliisogeza dinari karibu na jicho, akaangua kicheko huku machozi yakimlengalenga.

"Shangazi, tumeaibika, nawe unacheka?"

"Nani kakwambia mkono uliokatwa ni wa kulia?"

"Baba."

"Kaka yangu alikuwa mwongo tangu tumboni! Aliona wa kushoto haunogeshi hadithi. Mimi huu wa kulia ulinichapa kila nilipoiba tini, miaka mingi baada ya vita. Nikuonyeshe ulipotua?"

"Hapana, shangazi! Lakini nimeshawahutubia watu..."

"Kawahutubie tena." Kisha akamgeukia Trypho. "Rudisha patasi zako mezani, mwanangu. Miaka yote wananisimulia habari za mtu nisiyemjua. Leo ndiyo nimemwona baba."