Ncha Ndani ya Mfarishi

Tak!

Kasauti kadogo tu, kama mtu kavunja njiti ya kiberiti. Kisha cherehani ikaendelea kuzunguka bila kushona.

"Nini hicho?" Bibi aliuliza kutoka kitandani kwake.

"Hakuna kitu, Bibi."

"Mume wangu, macho yameniaga, lakini masikio bado ninayo. Umevunja sindano."

Kweli nilikuwa nimeivunja. Tena kwenye kona ya nne, ya mwisho, zimebaki inchi tatu tu pindo la mfarishi, tandiko la viraka la mtoto wa dada, lifungwe. Bibi alinifundisha tangu sijui hata kutunga uzi: ukifika kona, toa mguu kwenye pedali, zungusha gurudumu kwa mkono, maana hapo kitambaa kimekunjwa mara nne na pamba iko chini yake. Nilijua. Lakini mimi ndiye fundi anayesifiwa mtaa mzima, na dada yuko njiani kutoka hospitali na mtoto. Nikakanyaga pedali kwa kiburi changu chote.

Mtoto alizaliwa kabla ya siku zake. Wiki sita amekaa kwenye chumba cha joto, ngozi laini kama utando wa maziwa. Na viraka vyote vya mfarishi ule vilikatwa kwenye mashati ya baba yake, shemeji yangu, aliyefariki mimba ikiwa ya miezi minne.

Nikapitisha sumaku juu ya kona. Kipande kimoja kikanasa. Nikakiunganisha na kisiki kilichobaki kwenye mashine, nikavilinganisha na sindano mpya. Vilipungua kwa urefu wa punje ya mchele. Ncha yenyewe haikuwepo.

Nikapapasa sakafu, nikakung'uta suruali, nikafungua bamba la cherehani. Wapi! Nikaubonyeza mfarishi kwa vidole, jasho likinitiririka mgongoni. Kila mahali nilihisi kitu kikali, na kila mahali hapakuwa na kitu.

"Umeipata?"

"Labda imerukia dirishani, Bibi."

"Labda," alisema. "Na labda mwakani nitaolewa tena."

Mlango ukafunguliwa.

"Mjomba mtu!" Dada aliingia akicheka, mtoto kifuani. "Mwenye mfarishi wake amefika, na hataki visingizio vya mafundi!"

Aliuona juu ya meza. Akauvuta, akalaza shavu kwenye kiraka cha buluu, akafumba macho. Kisha akautandaza kitandani, pembeni ya miguu ya Bibi.

Ningeweza kunyamaza. Inchi tatu za kushona, dakika kumi, na hakuna ambaye angejua. Nilimwona akiinama. Nikaona kisigino cha mtoto, kidogo kuliko kifungo cha koti, kinashuka, kinashuka.

"Usimlaze!"

Mtoto akashtuka, akalia.

"Una wazimu? Unampigia mtoto kelele?"

"Kuna ncha ya sindano humo, dada. Nimeivunja kwa haraka zangu. Sijaipata."

Alimkumbatia mtoto, akarudi nyuma hadi mgongo ukagusa ukuta. Alinitazama kwa namna ambayo hajawahi kunitazama.

"Na ulikuwa umesimama hapo unaniangalia nainama?"

Nikanyoosha mkono kuuchukua mfarishi.

"Uchome moto," dada alisema.

"Dada, ni mashati yake."

"Najua ni ya nani!"

Niliukusanya mfarishi, nikauzungusha mikononi mwangu mwenyewe ili kama kuna wa kuchomwa niwe mimi, nikapiga magoti mbele ya dada.

"Sitauchoma," nilimwambia. "Nitaufumua mpaka kiraka cha mwisho. Pamba yote naitupa. Kila shati nitalipitisha kiganjani, uzi kwa uzi, kisha nitaushona upya kwa mkono. Na ukiisha, nitaulalia mimi kwanza, kifua wazi, siku saba. Mtoto wako hataugusa kabla ya hapo. Nakuahidi, dada."