Ngazi za Mawe Zionekane

Kabla hakujapambazuka, bomba la uani lilikohoa, kisha maji yakaanza kudondoka kwenye ndoo. Huku mlimani maji hayana saa yake. Nikaamka nikapiga deki, maana siku hiyo nyumba yangu ilikuwa inapigwa picha za kuuzia.

Nilitaka iuzwe. Magoti yangu yameuchoka mlima, na mwanangu Modesta ameshanijengea chumba kwake Misungwi, mahali pa tambarare. Lakini wateja walioletwa na dalali Shimba walifika juu wakihema, wakakasirika, wakashuka bila hata kunywa chai. Shimba alikuwa amewatumia picha za sebule na ziwa tu. Ngazi za mawe aliziacha makusudi.

Basi Modesta akamtafuta Zahabia, binti wa hapa hapa mjini ambaye kazi yake ni kupiga picha za nyumba. Alifika mikono imejaa vyombo vyake, akaviweka chini kwanza, akavua viatu mlangoni.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Karibu."

Mimi nilikuwa tayari. Nilivaa kitenge cha kanisani, nikafunga mapazia, nikatandika vitambaa vya kufuma juu ya kila kiti, nikakaa katikati ya sebule na kunyoosha mgongo. Jirani yangu Mama Mhoja alikaa kando yangu, uso unang'aa mafuta. Kwetu picha ni watu. Sijawahi kuona mtu anamwita mpiga picha halafu anajificha jikoni.

Zahabia akatutazama, akatabasamu. "Bibi, inayouzwa ni nyumba."

Mama Mhoja akacheka mpaka akashika mbavu. "Nilikuambia! Nani atakununua wewe, na ugali wako wenye mabonge?"

"Wewe hata wakipewa bure, watakurudisha jioni."

Zahabia alicheka pamoja nasi. Halafu akaniomba ruhusa kuondoa vitambaa. Alivikunja kimoja kimoja, kama vya mama yake. Alipofungua mapazia, mwanga ukaingia hadi ukutani, na sebule ikaonekana kubwa kuliko nilivyoijua. Nilimwachia afanye.

Alipomaliza ndani, akasimama mlangoni akiangalia chini.

"Na ngazi, bibi?"

"Shimba anasema zinafukuza watu."

"Wewe unataka waje wengi?"

Nikafikiri. "Nataka aje mmoja ambaye hatanikasirikia akifika."

Akashuka hadi barabarani, akazipiga picha kutoka chini, zote, pamoja na ile iliyopinda. Marehemu mume wangu, Masalu, ndiye aliyezipanga. Aliporudi jasho linamtoka nikampa maji, akanywa akiwa ameketi, bila haraka.

Shimba alipoziona picha alinung'unika kwenye simu. Siku zikapita, hakuna aliyekuja. Nikaanza kuwaza kwamba labda yeye ndiye aliyekuwa sahihi.

Ndipo wakaja Yeremia na mkewe, Rebeka. Niliwaona wakipanda taratibu wamevaa raba, wanapumzika kwenye jiwe, wanatazama ziwa, wanaendelea.

"Poleni na mlima," nikawaambia.

"Tumeshauona kwenye picha, mama," Rebeka akasema. "Tulijua tunakokuja."

Walikunywa chai. Waliuliza juu ya maji, nikawaambia ukweli. Yeremia akapapasa ukuta, mkewe akasimama dirishani muda mrefu. Kabla ya kushuka walisema wanaitaka.

Nikampigia Modesta, nikampigia Zahabia. Kisha nikaenda kwa Mama Mhoja. Alikuwa anachagua mchele. Nilipomwambia, mikono yake ikasimama juu ya ungo.

"Wamekubali kweli?"

"Wamekubali."

"Hata ngazi?"

"Hata ngazi."

Akaendelea kuchagua, ingawa mchele ulikuwa safi.

"Magoti yako yatapona huko," akasema. Akanisogezea kigoda. "Lakini uje kunitembelea tena, Mama Modesta. Unipigie ukiwa barabarani, nitashuka nikushike mkono."