Kimya cha Mzee Amos

Elisha Yarnall alitoka kwenye jumba la bunge la Philadelphia kidole chake kikiwa na wino, na baba yake aliuona ule wino kabla hajamtazama usoni. Mzee Amos alikuwa amesimama ng'ambo ya barabara tangu asubuhi, kofia kichwani kama Marafiki wote, waumini wa dhehebu lisilomvulia kofia hata mfalme.

"Umetia sahihi hiyo karatasi ya uhuru?"

"Nimetia, baba. Mama hulalamika kwamba mwandiko wangu hausomeki. Leo nimeandika vizuri, watu wa mfalme wasije wakamnyonga mtu mwingine badala yangu."

"Usinichekeshe! Haya, nchi mmeipata. Na Marafiki je?"

Marafiki hawapigani wala hawashiriki mambo ya vita, na karatasi ile ya uhuru ilikuwa vita tupu. Kwao aliyeshiriki hutolewa kundini, jina lake likasomwa mbele ya wote.

"Utanisemea, baba? Akisimama mmoja tu kupinga, hawawezi kunitoa."

"Nitakusemea, mwanangu."

Na alikusudia kweli, maskini. Lakini Marafiki wana taratibu zao. Hawapigi kura. Jambo likiletwa, wote huinamisha vichwa na kusubiri Roho ampe mtu neno. Wasiposema kitu, wamekubali. Na ole wake anayesimama na maneno aliyoyapanga nyumbani.

"Yapange hivyo hivyo," Tacy, mkewe, alimwambia asubuhi ya mkutano.

"Mke wangu, maneno hayapangwi."

"Basi mwambie huyo Roho afanye haraka! Wakimtoa, hatazikwa na sisi. Mimi nitalala kwenye makaburi yetu na wewe na marehemu binti yangu Rebecca, na yeye atupwe wapi? Kwenye shamba la wasio na ndugu?"

Amos alichukua kofia yake akaenda.

Karani, Jabez Comly, alisoma shauri la kumtoa Elisha, kisha kimya kikatanda. Amos alihisi moyo unamwenda mbio na magoti yanataka kunyanyuka. Akajiuliza: huyu ni Roho, au ni mimi tu na mapenzi yangu kwa mwanangu? Akaona ajihakikishie kwanza. Ajihakikishie nini, jamani? Kwani mapenzi ya baba yana kasoro gani? Jabez alimtazama, akamngoja, akamtazama tena. Amos bado alikuwa ameinama, anajipima. Mwishowe Jabez akachovya kalamu, akaandika kwamba Marafiki wote ni wa nia moja.

Elisha alimkuta baba yake uwanjani, ameegemea ukuta.

"Hukupewa neno, baba?"

"Sikupewa."

"Pole, baba," alisema Elisha, akamshika mkono mpaka nyumbani. Afadhali angemtukana.

Majira ya baridi yalipofika, wanajeshi wagonjwa waliletwa mjini kwa mikokoteni, wakalazwa popote penye paa. Elisha alikuwa akiwanywesha supu. Homa yao ikamshika, na wiki haikuisha akafa mikononi mwa mama yake. Tacy hakumlaumu mumewe kwa neno hata moja. Alimpa kofia yake tu, akamfungulia mlango.

Safari hii Amos hakusubiri kupewa chochote. Marafiki walikuwa hawajakaa sawasawa alipoinuka.

"Mwanangu amelala nyumbani, hajazikwa," alisema. "Naomba alale karibu na dada yake Rebecca. Siku ile nilinyamaza, mkaandika kwamba nimekubali. Sikukubali! Nilikuwa nangoja tu. Mtoto hana kosa, kosa ni langu. Nawaomba."

Akabaki amesimama, analia waziwazi.

Jabez alipangusa macho. "Marafiki mmemsikia mwenzetu. Tulichokwisha kuandika hakibadiliki asipoinuka mwingine kumuunga mkono. Kuna mwenye neno?"

Kofia zikainama, safu hadi safu. Amos aliwatazama mmoja mmoja, watu aliowatengenezea saa zao, watu waliokula mezani kwake, waliompakata Elisha akiwa mchanga. Wengine walikuwa wanatokwa na machozi. Midomo ya mmoja ilicheza, ikatulia. Hawakuwa watu wabaya. Kila mmoja alikuwa anajipima, na Amos alijua vizuri kuliko wote jinsi wanavyojipima.

"Semeni, jamani," aliwasihi. "Msingoje. Semeni tu."

Aliendelea kuwatazama mpaka Jabez alipochovya kalamu.