Mtoto wa Chuchu ya Nyuma

Joyeuse alikuwa amepiga magoti juu ya mawe meusi ya Ndosho, mvua ikimchuruzika mgongoni, akiwatazama nguruwe wadogo wakinyonya. Kila mmoja alikuwa na chuchu yake tangu kuzaliwa. Wenye nguvu walishika za mbele, zenye maziwa mengi. Aliyekuwa mdogo kuliko wote alibaki na ya nyuma kabisa, karibu na mkia. Huyo ndiye wa Joyeuse.

Hivyo ndivyo alivyopatana na Buhendwa, chefu wa avenyu, mkuu wa mtaa wao. Nguruwe jike ni wa chefu. Kumlisha, kumnywesha na kuzoa mavi ni kazi ya Joyeuse. Watoto wakiachishwa kunyonya, chefu anachukua wote, isipokuwa wa chuchu ya nyuma. Katika mzao wa kwanza, huyo wa nyuma alikufa na chuchu kavu mdomoni.

Safari hii Joyeuse alikataa. Alibeba dreshi, machicha ya pombe, kutoka Majengo, shingo ikiwaka moto. Akayachanganya na matembele, soya iliyosagwa na vumbi la sambaza, vidagaa vya ziwani. Maji aliyapigania bombani, akammiminia nguruwe kwanza, watu baadaye. Nguruwe akala, akanywa, mbavu zikafunikwa. Maziwa yakafika hadi nyuma. Yule mdogo akanenepa, akaanza kuwasukuma wenzake kwa bega. Tena alikuwa jike. Angekua, angezaa, na uzao wake wote ungekuwa wa Joyeuse.

Buhendwa alikuja kwa pikipiki na mtu mwenye bunduki ambaye hakusalimu.

"Mama Joyeuse! Weye unajua kulisha!"

"Aksanti, muzee."

"Ya nyuma iko wapi?"

"Njo hii." Akamwinua kwa mikono miwili.

Buhendwa alicheka. "Hii? Unanichezea? Ya nyuma inakuwaka kadogo, kamekonda. Hii inalingana na zingine."

"Ni maziwa tu, muzee. Nilimulisha mama yake muzuri."

"Nguruwe ni ya nani?"

Joyeuse alimkumbatia yule mdogo. Mwenye bunduki akaihamishia bega la pili.

"Ya nani, mama?"

"Yako, muzee."

"Na maziwa yake?"

Gunia likafunguliwa. Kelele za yule mdogo zilisikika mpaka pikipiki ilipokata kona.

"Usinune," Buhendwa alikuwa amemwambia akipanda. "Itazaa tena. Kenye katakuwa kadogo, njo kako."

Nguruwe akazaa tena. Joyeuse hakuacha kubeba dreshi, kwa kuwa nguruwe angekonda, chefu angesema mali yake inaliwa. Maziwa yakafika tena hadi nyuma.

Jioni moja Cyprien, mume wake, alimkuta amechuchumaa ndani ya kibanda cha nguruwe, ameshika mguu wa mtoto wa chuchu ya nyuma. Mtoto alimeza mara mbili. Joyeuse akamvuta. Mtoto akatambaa kurudi, akameza. Akamvuta tena.

"Joyeuse! Unafanya nini? Huyu si njo wetu?"

"Njo wetu."

"Sasa unamunyima maziwa juu ya nini?"

Joyeuse hakuuachia mguu. Mtoto alilia, mdomo wazi, ukinyonya hewa. Chuchu ilidondosha maziwa juu ya jiwe jeusi, tone kwa tone. Barabarani pikipiki ilipunguza mwendo, na vidole vya Joyeuse vikakaza.