Mu ya Moto

Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, mimi ndiye niliyemwingiza kiwandani. Nalisema hili mapema kwa sababu watu husahau upesi. Mimi sisahau.

Tulitengeneza pedi za breki za malori na mabasi. Mimi nilikuwa mpimaji, na elimu yangu ni ya vitabu vilivyotupwa na wenye vyeti. Humo ndimo nilimoikuta mu, herufi ya Kigiriki inayoandikwa μ. Kwetu ilisimamia msuguano: pedi inavyoshika diski ya gurudumu. Nikamfundisha shemeji na kazi nyingine za herufi hiyo. Kwa wapima dawa ni sehemu moja ya milioni. Kwa watu wa takwimu ni wastani. Kwa mafundi umeme ni jinsi chuma kinavyopokea sumaku. Kuna hata chembe ndogo isiyoonekana kwa macho, inashuka kutoka angani, nayo imepewa jina hilo hilo.

"Herufi gani hii, shemeji?" alicheka. "Kibarua wa kila mtu!"

"Ndiyo maana naipenda. Ni mwenzetu."

Pedi hupimwa mara mbili: ikiwa baridi, kisha baada ya diski kuzungushwa mpaka iwe ya moto. Mu isishuke chini ya sifuri nukta tatu tano. Siku moja tukapima mzigo mpya. Ukiwa baridi ulitoa tatu nane. Vizuri. Ulipopata moto ukatoa moja saba. Yaani dereva anateremka mlima na abiria sitini, anakanyaga, basi halisimami.

Nikajaza fomu. Sheria yetu ilitaka sahihi mbili, na shemeji, aliyepima pamoja nami, akatia yake chini ya yangu.

"Watatubana," nilimwambia.

"Niko na wewe, shemeji. Watubane wote wawili."

Asubuhi iliyofuata meneja alituita. Mezani palikuwa na fomu nyingine, safi, yenye kipimo cha baridi peke yake na sahihi ya shemeji.

"Mwenzako anasema kipimo cha moto ulikikosea," alisema meneja.

Nikamgeukia. "Shemeji, sema ulichokiona."

Alisema, ila akimtazama meneja. "Bosi, huyu ni mtu wa kujisomea. Mara mu ni dawa, mara sumaku, mara vitu vya angani. Kichwa kimejaa, kimemchanganya."

Kila neno lilikuwa langu. Nilimpa mwenyewe, bure, kwa miezi minane.

Meneja akaniambia nimkabidhi shemeji ufunguo wa chumba cha vipimo. Alipokea kwa mikono miwili, kwa heshima zote, mnafiki yule.

Nikakimbilia langoni. Lori lilikuwa limeshapakiwa. Nikaandika kwa chaki kwenye mlango wa nyuma: μ ya moto 0.17.

Dereva akaruka chini. "We vipi, unanichorea gari?"

"Breki ulizobeba zikipata moto hazishiki. Watu watakufa. Usitoke!"

Alisita. Nakuapia, alisita, mkono wake ulikuwa umeshaanza kuchomoa ufunguo wa gari mfukoni kumrudishia mlinzi. Ndipo shemeji akafika, anahema, kanishika bega.

"Msamehe, kaka. Ni ugomvi wa nyumbani. Mimi na yeye tumekosana kwa ajili ya dada yangu."

"Aa, mashemeji!" Dereva akacheka, akafuta chaki kwa kiganja, akapanda.

Mlinzi akafungua lango.