Aliuliza Kabla ya Kuzima

Wiki ya tano baada ya ndege kuanguka, Truphosa, mjane wa Kepteni Nicanor, alibisha hodi nyumbani kwa kina Jamaldin, Kibokoni. Alishuka basi Mwembe Tayari, akaja kwa miguu.

"Karibu mwanangu, usisimame juani," alisema Bi Mejumaa, mamake Jamaldin. Akamkalisha, kisha akaenda jikoni kuteleka chai. Alijua mgeni hakumjia yeye.

Jamaldin alikuwa amenyoosha mguu wenye plasta juu ya kigoda. Siku ile alikuwa rubani msaidizi, na katika watu wawili waliokuwamo kwenye ndege ile ya mizigo, ni yeye tu aliyetolewa baharini akiwa hai.

"Shemeji, sikuja kukulaumu," Truphosa alisema. "Wachunguzi wananiambia Nicanor alizima injini iliyo nzima, akaiacha iliyokufa. Kinasa sauti kimeharibika, hakuna walichosikia. Nawe umewaambia hukumbuki. Mwanangu Ken anaulizwa shuleni kama babake alikuwa amelewa. Kweli hukumbuki?"

Jamaldin alitazama mlango wa jikoni.

"Nakumbuka."

Akamweleza. Walikuwa ndio kwanza wameruka, yeye Jamaldin akiwa kwenye usukani. Injini ya kulia ikafa kwa kishindo, ndege ikavutwa upande. Kepteni akaanza hatua za dharura, zile ambazo marubani huzihifadhi kwa moyo kabla hata ya kufungua kitabu. Akashika kishikio cha kuzimia injini ya kushoto. Alikosea.

"Kukosea kupo, shemeji. Ndiyo maana tunakuwa wawili. Mmoja hazimi injini mpaka mwenzake atazame na kukubali, hata akiwa kepteni. Nicanor aliniuliza, 'Kushoto. Thibitisha?' Akangoja. Mkono hakuusogeza. Aliningoja mimi."

"Ukamwambia nini?"

"'Nathibitisha.' Nami sikutazama. Nilikuwa nang'ang'ana na usukani, maji nayaona yanakuja. Nikajiambia, huyu ana miaka ishirini angani, atakosea vipi? Neno likanitoka tu."

Truphosa alifumba macho. Alipoyafumbua hakumtazama.

"Kwa hiyo aliuliza."

"Aliuliza. Alifanya kama inavyotakiwa."

"Na wiki tano zote hizi umekaa nalo hapa, sisi kule tunatukanwa."

Truphosa akatoa daftari na kalamu mkobani, akaviweka juu ya plasta.

"Andika."

Bi Mejumaa alitokea na sinia ya chai, akasimama. Alikuwa amesikia.

"Jamaldin, watakunyang'anya kazi yako."

"Najua, mama."

Aliandika kurasa mbili, akatia sahihi. Truphosa alisoma kila mstari, akaondoka bila kugusa chai.

Wachunguzi walimhoji upya. Ripoti ilipotoka iliwataja wote wawili: kepteni aliyeshika kishikio kisicho sahihi, na msaidizi aliyethibitisha bila kutazama. Leseni ya Jamaldin ikafutwa. Siku hizi yuko Bondeni, anauza vipuri vya pikipiki kwenye duka la mjomba wake.

Sikukuu ya Idi alimpigia Truphosa, apate kumuuliza hali ya Ken.

"Ken hajambo. Ripoti aliisoma mwenyewe," Truphosa alisema. "Jamaldin, tafadhali, usinipigie tena."

Akakata simu.